Tiketi Mbili za Alhamisi

Firenze, 9 Novemba 1952

Dada yangu Ruti, Mama Nesta,

Pokea shikamoo yangu ingali na joto, maana hapa nilipo kila kitu hupoa kabla hakijafika mezani. Mimi ni mzima isipokuwa goti la kushoto, ambalo unaijua tabia yake. Habari za Mpemba? Mvua zimekaribia? Nimesikia mbuzi wako mweusi amezaa mapacha. Mpe hongera zake. Nesta naye msalimie, tena mwambie asiongeze maneno yake anapokusomea barua hii, namjua.

Tulishuka melini Napoli, tukapanda treni kutwa nzima, na sasa tuko Firenze, mji ambao Waingereza huuita Florensi. Ni mji wa mawe na picha. Wazee wao wa kale walichonga na kuchora, wakachora na kuchonga, kisha wakafa na kuwaachia wajukuu kazi ya kukata tiketi.

Ulidhani nimeletwa huku kupika. Na mimi nilidhani hivyo. Miaka kumi na tisa nimempikia Bibi Wetherall kule shambani kwenye kahawa, Mbozi, na tangu mumewe afariki tumbo lake limekataa mchuzi wa kila mtu ila wangu. Lakini hapa jiko ni kazi ndogo. Kazi kubwa ni kupanga. Bibi anataka kuona kila nyumba ya picha kabla hajafa, na kila nyumba ina masharti yake kama bibi arusi. Hii imefungwa Jumatatu. Ile mlango hufungwa saa saba mchana, na ukifika saa saba na dakika moja mlinzi anakutazama kama umekuja kuiba. Nyingine ni bure Jumapili, ndiyo maana Jumapili imejaa watu wanaokanyagana. Nyonga ya Bibi haiwezi foleni, kwa hiyo nasimama mimi dirishani tangu alfajiri, mkononi nimeshika ratiba niliyoichora nyuma ya kalenda ya chama cha wakulima. Wiki ya kwanza nilimpeleka Jumatatu. Tulisimama kwenye mvua mbele ya mlango mkubwa wa shaba, Bibi akaniambia, "Timotheo, mlango nao ni mzuri, tuutazame huo." Huyo ndiye Bibi.

Wanakula ugali, dada! Wa njano, wanaumwaga juu ya ubao. Mkate wao hauna chumvi kabisa. Nikadhani mwokaji amesahau, nikaenda kumpa pole.

Sasa jambo lenyewe. Katika kitabu cha Bibi cha makumbusho kuna nyumba moja ndogo isiyo ya picha. Ni ya vitu vya mataifa: mishale, ngoma, vyungu. Bibi akanisomea: "Zana za wahunzi wa nchi iliyo kati ya ziwa Nyasa na ziwa Tanganyika. Mivukuto. Nyundo kubwa."

Nyundo kubwa, dada. Wahunzi wa kati ya maziwa hayo ni wangapi, na wangapi walipotelewa na nyundo?

Unajua ninachowaza. Baba alipokufa kwa ile homa ya baada ya vita, wazee walifungua mfuko wa nyundo ya ukoo wakakuta jiwe limeviringishwa gome la mti. Mimi nilikuwa mtoto, lakini jiwe lile ninalikumbuka. Wakamgeukia baba mdogo Efraimu, kwa kuwa yeye ndiye aliyewahi kuwachukulia mizigo Wajerumani akarudi na shuka. Akasema "Sikuichukua," basi. Tangu siku ile mrija wake haujaingia kwenye chungu cha pombe ya ulezi pamoja na mirija ya ndugu. Miaka thelathini na mitatu mtu anakunywa peke yake kwenye kibuyu, pembeni, kama mgeni mwenye ukurutu. Nyumba hii huandika ni nani aliyetoa kila kitu na mwaka gani. Ikiwa jina lililoandikwa si lake, baba mdogo atakunywa na watu kabla hajafa.

Hufunguliwa Alhamisi mbili tu kwa mwezi, ya kwanza na ya tatu. Nimeshaiweka kwenye ratiba. Mwambie.

Ndimi mdogo wako, Bwana Mipango,
Timotheo


Mpemba, 14 Desemba 1952

Mdogo wangu Timotheo,

Salamu zako tumezipata, na mbuzi amezipata zake. Sisi wazima. Mvua imeanza vizuri, mahindi ya bondeni yamefika magotini, yaani magotini pa mtu mwenye magoti. Mkeo hajambo, anasema umsitiri, usiwaambie wazungu kuwa yeye ndiye aliyekufundisha ule mchuzi.

Nesta amenisomea barua yako mara mbili, na mara ya pili nimegundua ile ya kwanza aliruka mahali alipotajwa. Watu hapa wamecheka sana. Mzee wa kanisa ameuliza, hivi mtu analipa apate kutazama picha ya mtu aliyelala? Nikamwambia, analipa, tena anasimama foleni. Akasema, "Basi aje amtazame mume wa binti yangu bure."

Kuhusu lile jambo la nyundo, liache. Umepelekwa huko kumhudumia Bibi wa watu, humo kwenye nyumba za vitu vya kale utatafuta nini? Nyundo ni nyundo, zinafanana. Majembe sasa tunanunua dukani, tanuru limeota majani, wahunzi wamekufa. Jambo lililokauka usilimwagie maji. Baba mdogo Efraimu kifua kinamsumbua lakini anakula.

Mpikie Bibi, tazama picha, urudi na goti lako.

Dada yako,
Ruti

Mjomba, ni mimi Nesta, mama ameinuka kwenda kutazama chungu. Hakutaka niandike hili. Babu Efraimu alikuja hapa Jumamosi kutoka kwake Tunduma, kwa miguu, na kifua kile. Sijui nani alimwambia. Hakukaa hata kwenye kiti. Alisema, "Tiketi ya Timotheo ni ya Alhamisi gani?" Mama akasema hajui. Babu akasema, "Basi nitazihesabu zote." Akanywa maji akaondoka. Mama hajalala vizuri tangu siku hiyo. Usimwambie nimekuandikia.


Firenze, 11 Januari 1953

Dada Ruti,

Heri ya mwaka mpya kwako, kwa Nesta, na kwa yeyote mwingine anayependa kushika kalamu hapo nyumbani. Huku baridi imetuingia mifupani. Mto umevimba, rangi yake kama chai ya maziwa. Mimi navaa makoti mawili ya marehemu Bwana Wetherall, na kwa kuwa alikuwa mrefu, watu hunipisha njiani wakidhani nimebeba mtu.

Usinikasirikie, sijaacha. Ngoja nikueleze nilivyohangaika, ucheke, maana ukicheka husamehe.

Alhamisi ya kwanza ya Desemba tulifika mlangoni na Bibi. Mlinzi ni mzee mwenye sharubu, amekaa kwenye kiti cha nyasi. Akasema, "Tiketi?" Nikamwambia nimekuja kununua. Akanionyesha kwa kidole ng'ambo ya mto. Kumbe tiketi za nyumba ile haziuzwi pale. Zinauzwa Jumatano, kwenye dirisha la ofisi nyingine, mwendo wa saa nzima, tena uwe na barua ya ruhusa. Nikamuuliza kwa nini. Akainua mabega mawili. Huku mabega hujibu maswali mengi.

Bibi akaomba ruhusa. Ikaja imeandikwa "Bibi Wetherall na mtumishi wake," kwa hiyo siwezi kuingia bila yeye, naye hawezi kufika bila mimi. Jumatano ya katikati ya mwezi nikanunua tiketi mbili. Nilifurahi kiasi kwamba jioni nilimpikia maharage. Dada, maharage! Miaka kumi na tisa nimelinda tumbo lile, nikaja kuliangusha usiku mmoja kwa sababu ya furaha. Alhamisi ikapita Bibi akiwa kitandani, na tiketi zikafa, maana Alhamisi ikipita haitumiki tena. Alhamisi yao iliyofuata ilikuwa mwaka mpya, wamefunga.

Sasa natazama tarehe kumi na tano. Mchana namtembeza Bibi kwenye picha, yeye anatazama malaika, mimi natazama saa. Jana tulisimama mbele ya sanamu ya mtu wa mawe, hana nguo, mrefu kama mkuyu. Bibi akauliza, "Unaonaje?" Nikamwambia, "Mikono yake mikubwa, angefaa kwa mivukuto." Akacheka mpaka mlinzi akatunyamazisha. Lakini mimi sikuwa nacheka. Miguu inanipeleka huku na huko, siwezi kukaa. Hata supu naikoroga kama naifukuza.

Muulize baba mdogo alama za nyundo, nisije nikaleta habari za nyundo ya watu. Na wewe uliwahi kuiona? Najua wanawake walikatazwa hata kuitazama, lakini wewe ulikuwa mtoto mwenye macho marefu.

Timotheo


Mpemba, 1 Februari 1953

Timotheo,

Tuko wazima. Mvua nyingi. Lori la posta lilikwama siku nne njiani.

Baba mdogo amekuja tena. Anasema hivi, na Nesta anaandika kama alivyosema: nyundo ina pande nne, si mviringo. Upande mmoja una ufa kama unywele, alioupata babu siku alipokufa mkewe akapiga kwa hasira. Kwenye shingo imefungwa waya wa shaba mizunguko saba, mmoja umelegea. Na anayeingia mahali ilipo huvua viatu, huchuchumaa, hupiga makofi polepole mara tatu. Aliyeweka mkono juu yake hasemi uongo, akisema kifua kinamkamata. Anasema haya unayajua lakini umekaa na wazungu.

Alipomaliza akaniuliza na mimi kama ninakumbuka chochote. Nikasema mimi ni mwanamke, nitakumbuka nini.

Mdogo wangu, nakuomba. Sijakuomba kitu tangu mama atuache. Usiende. Na kama umeshaenda, usiniandikie ulichokiona.

Ruti


Firenze, 22 Februari 1953

Dada mpendwa,

Shikamoo. Natumaini nyote hamjambo. Mimi sijambo.

Nyonga ya Bibi ilitukosesha Alhamisi mbili. Alhamisi tarehe kumi na tisa tulikwenda kwenye ile nyumba ya vitu vya mataifa. Tulikuta imefungwa kwa matengenezo. Hawajui itafunguliwa lini. Kwa hiyo sina habari yoyote ya nyundo. Mwambie baba mdogo anisamehe.

Bibi anaendelea vizuri. Tutaondoka huku katikati ya Mei.

Salamu kwa wote.

Mdogo wako,
Timotheo


Mpemba, 7 Aprili 1953

Mdogo wangu Timotheo,

Barua hii naandika mwenyewe kwa mkono wangu. Nesta nimemtuma mtoni. Nimejifunza kwenye darasa la kina mama kanisani, herufi zangu ni kama kuku wamepita, uvumilie.

Barua yako ya Februari ilifika, Nesta akanisomea, nikamwambia rudia. Akarudia. Haikuwa na mzaha hata mmoja. Tangu uzaliwe hujawahi kukosa mzaha. Siku ya kumzika mama ulisema jeneza limebebwa na watu wafupi upande mmoja, mama atafika mbinguni akiwa ameteleza. Sasa unaniandikia "Mimi sijambo" basi. Goti liko wapi? Nikajua umeiona. Na umeona kingine.

Sijui ni nini wamekiweka humo. Lakini ninakumbuka yule mzungu alikuwa na sanduku la miguu mitatu lenye kitambaa cheusi, akaingiza kichwa humo, akatuambia tusitikisike.

Basi nikueleze ambacho baba alinikataza.

Ulikuwa na miaka minne. Ulishikwa na homa ikakupeleka mpaka macho yakageuka. Mganga alishindwa. Kulikuwa na mzungu amepiga hema njiani, si Mjerumani, mwingine, anayekusanya vitu. Alikuwa na dawa chungu nyeupe. Baba akaenda mara ya kwanza na mbuzi, mzungu akakataa. Akaenda na jembe zuri, akakataa. Alikuwa amesikia habari za nyundo. Baba akarudi, akakaa karibu nawe mpaka kulipopambazuka.

Angemtuma nani? Mwanamume akionekana na mzigo mzito kutoka kwenye tanuru angeulizwa. Mwanamke hata karibu na nyundo hasogei, kila mtu anajua, kwa hiyo hakuna ambaye angemshuku mwanamke. Nami nilikuwa na miaka tisa. Baba akaiviringisha kwenye gome, akaniwekea kichwani juu ya kata, juu yake akaweka majani ya maboga. Yeye akatangulia mbali. Timotheo, shingo yangu ilizama mabegani. Nikaibeba mpaka hemani. Ukapewa dawa siku tatu. Ukaamka ukaomba ugali.

Baba akaniambia, "Ukisema, hakuna atakayekuoa, watasema tumbo lako limegusa chuma. Na mdogo wako usimwambie kamwe kuwa alinunuliwa." Nikanyamaza. Alipokufa wakamkuta baba mdogo ndiye wa kubeba lawama, nikanyamaza. Nikaolewa, nikazaa, nikanyamaza. Kila sherehe nilipika mimi, nikamjazia mimi kile kibuyu chake cha pembeni. Nilikijaza sana. Nilidhani kukijaza kunatosha.

Jana, Jumatatu ya Pasaka, ndugu wote walikuwa hapa. Chungu kimewekwa, maji ya moto yamemiminwa kwenye ulezi, mirija imeingia. Baba mdogo amekaa kule karibu na kinu, anakohoa. Nikasimama nikasema. Nilisema yote kama nilivyokuandikia, mbele ya wakwe za Nesta, mbele ya mzee wa kanisa. Kaka yetu mkubwa wa kwa baba mkubwa akaanza, "Mwanamke ameshika..." akaishia hapo.

Nikaenda nikapiga magoti kwa baba mdogo. Unajua alisema nini? Alisema, "Nilikuona."

Nikauliza, lini?

"Siku ile. Nilikuwa kwenye kivuko, natoka kutega samaki. Ulikuja, shingo imelala, majani ya maboga kichwani. Nikajiuliza, maboga gani haya yanayomzamisha mtoto matopeni mpaka vifundoni? Nikakupa maji ya kunywa. Hukuweza kuinamisha kichwa, nikakunywesha kwa jani."

Timotheo, nilikuwa nimesahau yale maji. Miaka arobaini na mmoja. Nilikumbuka kila kitu isipokuwa aliyeninywesha.

Nikamwambia, baba, kwa nini hukusema? Akasema, "Ningekusema wewe uolewe na nani? Nikangoja uolewe. Ulipoolewa nikasema sasa nitasema. Ukashika mimba. Nikaona nikisema, kila jino la mtoto litakalochelewa kuota watasema ni nyundo. Baadaye nikazoea kibuyu. Aliposema Timotheo kuna karatasi huko, nikafurahi. Nilitaka karatasi iseme, mimi nisiseme."

Mzee wa kanisa ndiye aliyeinuka. Alimshika mkono. Wakamsogezea kigoda mpaka kwenye chungu. Lakini mrija wa kumpa haukuwepo, maana hakuna aliyewahi kumwekea. Akachukua wangu.

Wengine waliondoka bila kuniaga. Wakwe za Nesta hawajanena neno, tutaona. Mimi nimelala jana usiku, mara ya kwanza.

Sasa na wewe sema ulichokiona. Na uweke mzaha, hata mbaya.

Dada yako, mchukuzi,
Ruti


Firenze, 8 Mei 1953

Dada yangu Ruti, mchukuzi mkuu,

Shikamoo, tena shikamoo ya kuchuchumaa. Barua yako ilifika nikiwa nakaanga vitunguu, kwa hiyo Bibi hakujua ni kipi kilichokuwa kinaniliza. Kuku wako waliopita kwenye karatasi ninawajua mmoja mmoja.

Nilikudanganya. Nyumba haikuwa imefungwa. Na baada ya kukudanganya nilikohoa wiki mbili. Bibi akasema ni baridi. Nikamwambia, hapana Bibi, ni nyundo.

Ilikuwa hivi. Jumatano nilinunua tiketi, nikazificha ndani ya kiatu zisipotee. Alhamisi tukafika. Mlangoni nikakumbuka mafundisho ya wazee tangu utotoni, nikavua viatu. Mzee mwenye sharubu akasema, "Tiketi!" Ndipo zikatoka kwenye kiatu, zimelowa, zina umbo la kisigino changu. Akazipokea kwa ncha za vidole viwili kama mtu anayeshika mkia wa panya. Bibi akamwambia kitu kwa Kitaliano chake, naye mzee akainama akavisogeza viatu vyangu kando ya ukuta, taratibu, akaviweka sambamba. Sijui alimwambia nini.

Nikatembea na soksi juu ya mawe baridi, nikapita mishale, nikapita vyungu. Imewekwa kwenye kabati la kioo karibu na dirisha. Pande nne. Ufa wa unywele. Waya wa shaba mizunguko sita, na wa saba umedondoka, uko chini yake kama pete. Nikachuchumaa, goti likalia kwa sauti humo ndani, nikapiga makofi matatu. Wazungu wawili waliokuwapo wakatoka.

Bibi akanisomea kikaratasi: "Ilitolewa na mhunzi mkuu mwenyewe, 1912." Nikasema moyoni, basi ni baba, na baba mdogo amepona. Nilianza kufurahi. Kisha nikainua macho ukutani.

Kuna picha, dada. Baba amesimama, kijana, mkono juu ya nyundo, hacheki. Pembeni yake kuna binti mdogo ana kata mkononi. Uso umefifia kwa kuwa alitikisika. Lakini amesimama mguu wa kushoto ukiwa juu ya wa kulia, kama unavyosimama wewe mpaka leo ukingoja maji yachemke. Katika mji huu nimeonyeshwa picha zaidi ya elfu, za wafalme na malaika, Bibi akiniambia majina. Hiyo moja sikuhitaji kuambiwa.

Nikajua uliibeba, nisijue kwa nini. Kesho yake ikafika barua yako, ina alama zilezile nilizoziona, tena unaniomba nisiende. Ningefanya nini? Nikisema ni baba, watauliza nani aliibeba; nitampa baba mdogo mrija na kukunyang'anya wewe jina. Nikanyamaza na kumwacha mzee ahesabu Alhamisi zake. Usiku nilitembea chumbani mpaka mwenye nyumba akagonga ukuta kwa ufagio.

Sasa umeniambia kwa nini. Sikujua la kufanya na habari hiyo, kwa hiyo nikafanya ninachokijua: nikapanga.

Juzi Jumatano nilikwenda dirishani, nikanunua tiketi mbili. Karani ananijua sasa. Akauliza, "Kwako na Bibi?" Nikasema, "Kwangu na baba yangu mdogo."

"Yuko hotelini?"

"Yuko Tunduma."

"Ni mbali?"

"Kidogo. Lakini hutembea."

Akainua mabega, akanipa. Jana Alhamisi Bibi alinisindikiza mpaka mlangoni kwa ajili ya ile ruhusa, kisha akakaa na yule mzee mwenye sharubu, akasema leo picha anaiachia familia. Nikavua viatu. Tiketi yangu ikachanwa. Ya baba mdogo nikasema anakuja, ikabaki nzima.

Nikachuchumaa mbele ya kioo. Kulikuwa na mwanga, kwa hiyo nikaona nyundo, na juu ya nyundo nikauona uso wangu, upara, makoti mawili na yote. Nikatazama kimoja, nikatazama kingine. Chuma kizuri kile, dada, kizito, pande zake zimenyooka. Nikamwambia baba kwenye picha, "Mzee, ulipunjwa."

Naapa hakucheka. Lakini sikukohoa, ina maana ni kweli.

Meli ni tarehe kumi na mbili. Tiketi ya baba mdogo nimeiweka humu ndani, mpe mkononi mwake. Safari hii karani ameandika Alhamisi tu, tarehe na mwezi hakuandika, kwa hiyo mwambie anaweza kuichagua. Nami nichongeeni mrija wangu mpya, mniwekee karibu na wake. Uwe mrefu kidogo, kwa ajili ya goti.

Mdogo wako, niliyebebwa kichwani,
Timotheo